Pasi ya Kupandia Kilima

Ndani ya basi, kwenye kiti cha mbele yangu, alikaa dada mmoja, amepakata begi lililotuna mpaka zipu inalia. Jirani yake, mzee mwenye buti za kutembea milimani, alimwuliza kama anahama nyumba.

"Naenda kupanda kilima na mama mkwe mtarajiwa," alisema dada. "Tunarudi jioni."

Begi likafunguliwa. Ndani mlikuwa na magauni mawili, kitenge, viatu vya kisigino na, Mungu ni shahidi, pasi.

"Mwanangu, kilimani hubebwa maji, koti la mvua na soksi za akiba. Hiyo pasi utaichomeka kwenye jiwe gani?"

"Ni ya mkaa, baba," alijibu kwa upole, kana kwamba amemaliza kesi.

"Na maji?"

"Yamekosa nafasi."

"Punguza hivyo vitu. Kilima hakina macho."

"Mama mkwe anayo. Kilima nitakishuka leo leo. Yeye nitakuwa naye mpaka kaburini."

Basi likasimama. Kituoni mama mmoja alikuwa akisubiri, kilemba kimenyooka, amekalia sanduku la magurudumu.

"Ndiye huyo," dada alinong'ona. "Unaona, baba? Nimebeba kidogo."