Mzee Stanslaus Machage, Aliyekula kwa Mkwe Wake Hadi Mwisho

Tumsifu Yesu Kristo. Ndugu waombolezaji, marehemu Mzee Stanslaus Machage alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 kijijini Kibara, akasoma shule ya msingi palepale hadi mwaka 1966, akaunda mitumbwi kwa miaka mingi, na mwaka 1983 akahamia Mwigobero, Musoma, kuuza dagaa, ambako wateja walimjua kwa kipimo kilichojaa na mdomo usiopumzika.

Tarehe 8 Mei 1976 alifunga ndoa na Getruda, wakajaliwa watoto wanne, na Getruda alipotangulia mwaka 2014, marehemu alihamia hapa Butiama kwa kitinda mimba wake, Florian, akawa anatunzwa na mkwe wake, Judith.

Ugonjwa wa sukari uligundulika mwaka 2017, na mwaka 2022 alianguka mara tatu baada ya kifungua kinywa, kila mara akikimbizwa hospitali, akiwekewa dripu, na mara mbili za kwanza akionwa na daktari tofauti aliyekuwa mbioni kwenda kliniki au kwenye upasuaji, huku nyumbani maneno yakizagaa kwamba Judith anamtilia kitu kwenye uji, hata dada wa marehemu, Jenoveva, akaitisha kikao cha ukoo ili Judith arudishwe kwao.

Ile mara ya tatu wodini alikuwepo Dk. Matrida Burito, daktari wa wagonjwa waliolazwa, ambaye kliniki hana wala upasuaji hana, shughuli yake ni kitanda hadi kitanda kutwa nzima, naye akaagiza aletewe kila dawa anayomeza mzee, akakuta dawa ileile ya kushusha sukari imetolewa Bunda na ikatolewa tena Musoma, katika pakiti za rangi tofauti, na marehemu, asiyependa kutupa kitu, alikuwa akizimeza zote, sukari ikishuka kupita kiasi na kumwangusha.

Familia ilishusha pumzi. Marehemu aliketi kitandani, akamwonyesha Judith, akasema mbele ya ndugu zake, "Mimi nitakulaga kwa huyu mtoto mpaka nife."

Ndivyo ilivyokuwa, hadi figo zilipochoka, akalazwa tarehe 2 Juni 2025, Dk. Matrida akaieleza familia ukweli bila kuizungusha, akamtuliza maumivu, akaruhusu arudi nyumbani, na tarehe 19 Juni akakata roho kwa utulivu, Judith akiwa kando yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi, majirani, na wafanyabiashara wenzake wa Mwigobero. Baada ya maziko karibuni chakula, kimepikwa na Judith, na kwa ridhaa ya mhusika mwenyewe lisemwe hili, wa kwanza kukila asubuhi hii alikuwa Jenoveva.

Pumzika kwa amani, Baba, nyumba umeiacha salama.