Mbwa wa Firmin na Buti za Saa Kumi

Hebu fikiria benchi la ubao wa mtumbwi mkuukuu juu ya matofali, kando ya barabara ya Kavimvira. Ni mwaka wa nne wa uhuru, na waasi wameshika mji. Mama Anne-Marie anauza kahawa hapo, na wateja wake ni wale wale. Kuna Mathieu, aitwaye Doktere kwa sababu aliwahi kufagia dispensari. Kuna Cyprien, aitwaye Hakimu kwa kuwa ameshindwa kesi tatu. Na kuna Firmin, mkaushaji wa ndagala, yaani dagaa wa ziwani, ambaye leo kahawa yake imepoa bila kuguswa. Miguuni pake amelala mbwa wake, Shukuru.

Jana doria ya waasi ilipita saa kumi, na Shukuru akabweka kama kila siku. Mkubwa wao akasimama. Alisema mbwa huyu anawaonyesha maadui mahali doria ilipo. Akibweka tena kesho, watamchukua mwenye mbwa. Asubuhi mke wa Firmin alimfungia Shukuru ndani, lakini mbwa alipiga kelele hadi majirani wakaomba afunguliwe. Sasa ilikuwa saa tisa na nusu.

— Umupige, alisema Doktere. Samaki mkunje angali mbichi.

— Nilishamupiga. Sasa akiona fimbo tu, anabweka.

Doktere akashauri moshi wa pilipili. Firmin alikuwa ameujaribu pia: nyumba nzima ilikohoa, mbwa akabweka katikati ya kikohozi. Hakimu akasema dawa ni kumlisha samaki, kwa maana samaki hana sauti.

— Lakini ndagala anakulaka kila siku, Firmin akajibu. Akibweka, ninamutupia moja anyamaze.

— Na ananyamaza?

— Ananyamaza. Kisha anaanza tena.

Hakimu alifikiri sana. Halafu akasema lililobaki ni wote wabweke pamoja na mbwa, doria ishindwe kumjua mwenye kosa. Umoja ni nguvu.

Anne-Marie alicheka kidogo, akatazama barabarani, akaacha.

Wakati huo akafika mama mmoja mwenye mkeka na sufuria kichwani. Jina lake Honorine. Alikuwa amekimbia mapigano ya Luberizi, ambako baba yake alichunga ng'ombe kwa msaada wa mbwa. Akaomba kahawa. Birika lilikuwa tupu, kwa hiyo Firmin akamsogezea kikombe chake baridi. Alikunywa polepole huku akieleweshwa habari yote. Kisha akamtazama Shukuru, aliyekuwa ametulia.

— Baba, na akinyamaza, munamupatiaka nini?

Firmin akapapasa ndagala zilizokuwa mfukoni.

— Akinyamaza, alisema Firmin, hakuna muntu anamukumbuka.

Buti zikasikika upande wa daraja. Shukuru akainua kichwa, masikio yakasimama. Alitazama barabara, kisha akautazama mkono wa Firmin, kama mtu anayejua kazi yake na ujira wake.

— Sasa, baba, alisema Honorine. Mupatie kabla hajabweka.

Firmin akatoa ndagala mfukoni. Shukuru alimeza, akatazama tena. Firmin alingoja kidogo, akampa ya pili. Doria ilikuwa imefika mbele ya benchi. Mbwa alinguruma chini kwa chini, na Hakimu akajiziba mdomo yeye mwenyewe. Mkubwa wa doria alimtazama mbwa, akamtazama Firmin kwa muda mrefu, halafu buti zikaendelea.

Firmin alipofungua kiganja, ndagala ya mwisho ilikuwa imesagika.

— Na kesho? aliuliza Anne-Marie.

— Kesho atajifunza kungoja zaidi kidogo, alisema Honorine. Na weye pia, baba.

Mengine ya benchi lile unaweza kuyasahau. Nakuomba ukumbuke moja tu: ule muda mfupi ambao Shukuru alikuwa bado hajabweka. Ulikuwapo kila siku, saa kumi, na hakuna aliyeuona.