Kilichomuua Kaka Yetu Belmiro Quintão

Padre wetu, majirani, na nyinyi mliotoka zamu kuja kumzika mwenzenu, familia imenipa mimi Dorvalina, kitinda mimba wa nyumba hii, jukumu la kuwasomea maisha ya kaka yetu, nami nitayasoma yote, hata yale tuliyoombwa tuyaruke.

Belmiro alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 hapa kijijini kwetu Morro da Lapa, jimbo la Minas Gerais, Brazili, mtoto wa tatu wa mzee Anselmo, mchimba mawe, na mama Zulmira, akasoma shule ya parokia hadi mwaka 1973, akaacha kwa sababu baba alianza kukohoa, na wakati ule hakuna aliyeuliza kikohozi kile kimetoka wapi.

Mwaka 1979 aliajiriwa kiwanda cha kusaga na kung'arisha mawe, ambako kila jioni wafanyakazi walipewa glasi ya maziwa, wakaambiwa yanasafisha kifua, naye akanywa miaka mingi, mpaka siku alipomuuliza msimamizi, Bwana Nélio, mbele ya wenzake, "Bosi, maziwa yanakwenda tumboni, vumbi liko kifuani, sasa vinakutana wapi?" Watu walicheka, Bwana Nélio hakucheka, na wiki iliyofuata kaka alihamishiwa chumba cha nyuma kisicho na dirisha, sababu hatujaelezwa hadi leo.

Tarehe 6 Juni 1987 alifunga ndoa na wifi yetu Iracema, katika kanisa hili hili, wakajaliwa Edilene na Wanderson.

Mwaka 2008 alianza kukohoa, daktari wa kiwanda akasema ni kifua kikuu, kama alivyowaambia wenzake wa kiwandani, marehemu Osório na marehemu Tião, akameza dawa asipone, ndipo akamwambia mkewe, "Tunalala kitanda kimoja, mbona wewe hukohoi? Kifua kikuu gani hiki kinachochagua watu wa kiwandani tu?" Iracema akamjibu, "Nyamaza, baba Edilene, nyumba hii ni ya kiwanda, watatutoa." Hakunyamaza, aliwapitia wenzake mlango kwa mlango, wakapanda basi hadi hospitali kubwa ya jijini Belo Horizonte, na picha za vifua vyao zikaonyesha makovu ya vumbi la mawe, ambayo hayana dawa. Waliporudi waligoma kusaga mawe makavu, na leo vijana wetu wanasaga mawe yaliyolowa maji, vumbi lisipate kuruka.

Alifariki tarehe 2 Agosti 2016, alfajiri, mikononi mwa Iracema. Jana Bwana Nélio alileta shada, akaniomba kwa upole uliopitiliza, "Dada, useme kifua kikuu, ni kwa heshima ya familia tu." Namwona pale mlangoni, basi na asikie: kaka yetu ameuawa na vumbi la mawe.

Tunamshukuru daktari wa Belo Horizonte aliyetuambia ukweli, majirani mliopika maharage na kahawa, na wenzake mliobeba jeneza mkipokezana kila baada ya hatua chache, kwa kuwa pumzi haziwatoshi. Basi la hospitali linaondoka Jumatatu asubuhi, mwenye kifua kinachombana asione haya, nafasi zipo.

Lala, kaka Belmiro, kifua chako sasa kimetulia.