Gunhild Rønnevik na Mtoto wa Shamba la Kaskazini

Ndugu, majirani na Mchungaji Hustad, familia imenituma mimi, Aslaug, bintiye wa pili, niwasomee maisha ya mama yetu.

Marehemu Gunhild alizaliwa tarehe 14 Machi 1862 huko Voss, Norwe, akiwa mtoto wa nne wa seremala, akasoma shule ya parokia kwa miaka saba, akapata kipaimara mwaka 1877, kisha akafanya kazi ya kukamua ng'ombe kwa watu hadi alipofunga ndoa na Sjur Rønnevik tarehe 2 Juni 1882. Mwaka uliofuata walivuka bahari, wakafika hapa Dakota mwezi Mei, wakapewa ekari 160 kwa sharti la kukaa na kulima miaka mitano, wakajenga nyumba ya mabonge ya udongo wenye nyasi, na humo alimzaa Ragna, mtoto wake wa kwanza, tarehe 9 Septemba 1884.

Ragna alifariki kwa dondakoo Januari 1886, na kwa kuwa ardhi ilikuwa imeganda na haichimbiki, jeneza lake lilikaa katika ghala la ngano hadi Aprili, ndipo akazikwa upande wa kaskazini wa shamba, kwa sababu kanisa lilikuwa bado halijajengwa, na mama akarundika mawe juu yake.

Masika ya mwaka 1891, mama akiwa kitandani baada ya kunizaa, na baba akiwa mjini kununua mbao, baba mdogo Anfin, aliyekuwa amewasili kutoka Norwe wiki tatu tu kabla, alipewa kazi ambayo kila mgeni hapa hupewa, yaani kuokota mawe shambani kwa ajili ya msingi wa banda la ng'ombe, kisha kulima. Mama alipopata nguvu alitoka, akatazama kaskazini, akaona ngano changa tupu.

“Shemeji, yale mawe ya kule yako wapi?”

“Si yako chini ya banda, shemeji! Mazuri yale, tena yalikuwa yamekwisha kusanywa, nilipakia tu.”

Mama alirudi ndani. Tangu hapo, kila masika, alitembea nyuma ya plau akiangalia udongo uliopinduliwa, miaka thelathini na minane.

Mwaka 1905 baba alipata mnunuzi, akataka tuhamie Oregon kwa kaka zake.

“Nenda, Sjur, ufike salama. Mimi nina mtoto hapa.”

“Tuna watoto watano, Gunhild, na wote wana miguu.”

“Mmoja hana.”

Baba hakuuza tena, akafariki mwaka 1921, akazikwa kanisani.

Mama aliugua tumbo mwezi Februari mwaka huu, daktari akasema ni uvimbe usiotibika, naye akafariki nyumbani asubuhi ya tarehe 3 Oktoba 1929, akiwa ameomba azikwe kaskazini. Mchungaji alisita, akisema angeweza kubariki kaburi, lakini si shamba la ngano.

“Bariki shamba lote, Mchungaji,” Anfin alimwambia. “Niliyeondoa alama ni mimi, na sijui mtoto yuko wapi.”

Mchungaji alikubali, na jana alilizunguka shamba lote kwa miguu.

Tunamshukuru daktari, wanawake wa kanisa waliopokezana kumuuguza, na majirani waliovuna ngano yetu sisi tukiwa kitandani pake. Tunamshukuru pia Anfin, aliyechimba kaburi hili peke yake akiwa na miaka sitini na miwili, akakataa kupokewa sepetu, na kila bonge la udongo akalivunja kwa vidole kabla ya kuliweka kando.

Pumzika kwa amani, Mama. Ragna hatukumpata.