Mama Kiwiko Anakabidhi Funguo za Ghala

Baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, tarehe thelathini ya mwezi huu Mkuu wa Ghala la Akiba ya Chakula atakabidhi funguo na kwenda kupumzika. Jina lake kamili limo kwenye faili za utumishi, lakini ukilitaja getini mlinzi atakuuliza unamtafuta nani. Hapa kila mtu, kuanzia mkurugenzi hadi wapakiaji, humwita Mama Kiwiko, naye huitika bila kinyongo.

Jina hilo alipewa na wapakiaji katika mwaka wake wa kwanza wa ukaguzi. Wakaguzi wengine walikuwa wakitosheka na punje chache za juu. Yeye alikuwa akikunja mkono wa kulia wa blauzi, anafungua gunia, anazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, kisha anatulia hapo amefumba macho kama mtu anayesikiliza habari za mbali. Mahindi yasiyokauka hupata joto katikati, na joto hilo halionekani kwa macho. Kipima unyevu kilipoletwa tulidhani ataacha. Akakipokea kwa shangwe, akajifunza kukitumia kabla yetu sote, na akaendelea kuzamisha mkono vilevile, eti kifaa nacho kinahitaji shahidi. Blauzi zake zote zina mkono mmoja uliopauka kuliko mwenzake, na fundi cherehani wake amekwisha kukata tamaa.

Alianza kama karani wa mizani, akiwa ametoka chuo cha kilimo siku si nyingi. Akapanda kuwa mkaguzi wa nafaka, akaenda masomoni, akarudi na shahada, na hatimaye akakabidhiwa ghala zima. Mimi nimekuwa mratibu wa magari kwa sehemu kubwa ya safari hiyo, kwa hiyo nimegombana naye kuliko mtu yeyote humu ndani. Lori langu likija na turubai lililochanika halipokelewi, hata kama dereva ameendesha kutwa nzima na macho yamemwiva. Nilikuwa nikinuna, tena sana. Nadhani nimeombwa kuandika wasifu huu wa gazeti letu la kazini kwa sababu mkurugenzi anajua sitatia chumvi.

Kila mfanyakazi mpya alipokelewa na Mama Kiwiko kwa swali moja: njaa inatoka wapi? Wote tulijibu ukame. "Ukame ni ndugu mmoja tu," husema. "Njaa ina ukoo mkubwa." Halafu anautaja ukoo wenyewe, akitembea katikati ya safu za magunia. Kuna mkulima anayeuza mavuno yote kwa bei ya kutupa kwa sababu ada za shule zimefika, kisha ananunua mahindi yaleyale kwa bei ya kuruka. Kuna fukusi wanaokula kabla ya mwenye shamba. Kuna vita vinavyomtoa mtu shambani msimu wa kupanda, na barabara iliyokatika, na tajiri anayefungia chakula akisubiri bei ipande, na yule aliyesimama mbele ya soko lililojaa akiwa na mfuko mtupu. Dunia inavuna cha kututosha sote, alikuwa akisema, ila hakifiki. Nilimsikiliza kwa adabu na kuyaona hayo ni maneno ya semina.

Semina zenyewe alikuwa hazipendi. Mara moja alipelekwa nje ya nchi kwenye mkutano mkubwa kuhusu njaa duniani. Alirudi na mkoba wa mkutano umejaa mikate. Saa ya chakula cha mchana ilipokwisha aliona sahani zinaondolewa zikiwa nusu, akashindwa kuvumilia, akapita meza hadi meza akikusanya mikate huku wajumbe wakidhani ni mmoja wa wahudumu. Mjumbe mmoja alimwomba maji, akamletea. Ripoti yake ya safari ilikuwa ya ukurasa mmoja, na mikate tuliila na chai.

Lakini yote hayo ni mapambo. Anayetaka kujua tunamuaga mtu wa namna gani lazima asikie habari za mwaka wa ukame.

Mwaka uliotangulia mvua zilikuwa nyingi mno, na paa la ghala namba tatu likaanza kuvuja. Mama Kiwiko aliamuru safu zote zifunikwe turubai mpaka sakafuni, zikafungwa kamba, zisipate hata tone. Tulimsifu kwa kuwa mwangalifu. Kumbe mahindi yale yalinunuliwa harakaharaka, hayajakauka vizuri, na chini ya turubai yakatoa jasho lisilo na pa kwenda. Kisha mvua zikakatika kabisa, mashamba ya milimani yakakauka, na amri ikaja kwamba ghala namba tatu lifunguliwe, watu wa milimani wagawiwe chakula.

Magunia ya nje yalikuwa safi. Alipozamisha mkono katika ya ndani, aliutoa ukiwa na ukungu wa kijani. Vipimo vya maabara vikathibitisha sumukuvu, ile sumu ya ukungu isiyotoka kwa kuosha wala kwa kupika, ambayo hula ini polepole na huanza na watoto. Wakubwa fulani, ambao hawapo hapa tena, walishauri mahindi yapepetwe na yagawiwe hivyohivyo, kwa hoja kwamba mwenye njaa hachagui. Usiku ule angeweza kuwakubalia tu, na hakuna ambaye angejua.

Asubuhi watu walikuwa wamejaa getini. Wengine walikuwa wametembea tangu jana yake, wameshika mifuko mitupu waliyoikunja vizuri. Mbele kabisa alisimama dada yake wa tumbo moja, mkubwa wake, aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Alikuwa na wajukuu wawili. Mmoja alikuwa mgongoni, naye hakuwa analia, jambo ambalo lilitutisha zaidi ya kilio.

Mama Kiwiko alipanda juu ya chaga ya mbao ili aonekane. Aliwaambia kwamba mahindi yameharibika, kwamba hayatatoka hata gunia moja, na kwamba aliyeamuru yafunikwe vile ni yeye. Hakutaja paa, hakutaja waliouza, hakumtaja mtu mwingine yeyote. Nilikuwa nyuma yake nikitafuta njia ya kukimbilia. Kelele zilipopungua, dada yake alisogea karibu na chaga.

"Mdogo wangu," alimwambia, "leo umeninyima."

Akageuka na wajukuu wake akaondoka. Sijapata kuona mtu akisimama wima vile huku moyo wake ukivunjika mbele ya watu. Mahindi yaliteketezwa siku hiyohiyo, na yeye mwenyewe ndiye aliyewasha kiberiti.

Kutoka hapo alikuja moja kwa moja ofisini kwangu, akaniuliza magari mangapi yanatembea. Nilidhani amechanganyikiwa. Alichokuwa anakijua, na ambacho sisi wengine tulikuwa tunakijua bila kukifikiria, ni kwamba ng'ambo ya mto kulikuwa na bonde la maji ya chemchemi, na wakulima wa kule walikuwa na mahindi makavu yasiyo na mnunuzi. Daraja lilikuwa limesombwa na mafuriko ya mwaka ule wa mvua. Wafanyabiashara waliacha kwenda, bei ikaanguka, wakulima wakaanza kuwapa nguruwe. Upande mmoja wa mto watu walikosa chakula, upande wa pili walikosa wateja, na wangeweza kuitana kwa sauti. Alimshika mkurugenzi mpaka fedha za dharura zikatoka, na wakulima wakalipwa bei ya haki.

Mto wenyewe ulikuwa umekauka, lakini kingo zake zilikuwa kali na mchanga wake ulimeza magurudumu. Lori langu la kwanza lilizama mpaka ekseli, na dereva akatoa maneno ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapa. Nilisema basi, imeshindikana. Mama Kiwiko alivua viatu, akashuka mchangani.

Watu wa milimani walikuwa wameshapata habari. Walikuja wakajipanga kutoka ukingo hadi ukingo, na wale wa bonde wakajipanga kuwapokeza. Gunia zima lingewaua kwa uzito, maana walikuwa wamedhoofu, kwa hiyo magunia yalifunguliwa na mahindi yakapita mkono kwa mkono katika debe, ndoo, sufuria na beseni. Chombo kikifika huku kinamiminwa, kinarudi kwa njia ileile. Hakuna aliyekuwa akitoa amri. Akina mama waliokuwa hawana nguvu za kubeba walikaa chini wakishona magunia upya. Punje iliyoanguka mchangani iliokotwa. Mimi kazi yangu ni magari, nimeona misafara mingi, lakini siku ile nilisahau kufunga mdomo. Nilikuwa natazama njaa ikipungua, kihalisi, debe kwa debe, na dawa yake ilikuwa watu wa pande mbili kukubali kunyoosha mikono.

Mama Kiwiko alisimama katikati ya mto. Aliyesimama karibu naye kwenye mstari, kwa kupangiwa au kwa kujipanga mwenyewe sijui, alikuwa dada yake. Kutwa nzima walipokezana debe bila kusema neno.

Kazi ya miaka iliyofuata imetokana na siku hiyo. Daraja lilijengwa baada ya yeye kuwasumbua wahusika mpaka wakawa wakimwona mlangoni wanachukua kofia watoroke. Siku hizi tunanunua kwanza kwa wakulima wa karibu, baada ya mavuno, wasiuze kwa walanguzi. Vijiji vya milimani vina maghala yake madogo yenye sakafu iliyoinuliwa, mifuko isiyopitisha hewa na kamati zinazochagua viongozi wake. Mwaka juzi ukame ulirudi kama zamani. Getini kwetu hakuja mtu.

Ghala la kwanza la kijiji lilianza kwa dada yake. Miezi kadhaa baada ya siku ile ya mto, alishuka kutoka milimani, akaingia ghalani kwetu bila kubisha hodi, akamwambia mdogo wake maneno yake ya kwanza tangu getini: "Nionyeshe ulichokiona." Akaonyeshwa namna ya kuzamisha mkono mpaka katikati ya gunia na kulisikia joto la mahindi mabichi. Akakaa nasi wiki nzima akijifunza, na leo ndiye mwenyekiti wa kamati ya ghala la kijiji chao, anayeogopwa kuliko mkaguzi wetu yeyote.

Msimu uliopita Mama Kiwiko, akijiandaa kwa maisha ya kustaafu, alilima kishamba chake huko nyumbani, akavuna, akapeleka gunia lake la kwanza kwenye ghala la kijiji. Dada yake alilipima mbele ya watu wote waliopanga foleni, akasema hili bado bichi, akamrudisha nalo nyumbani. Mkuu wa Ghala la Akiba alilibeba gunia lake akaondoka. Alitusimulia Jumatatu yake akicheka mpaka akaegemea mizani, kisha akafuta macho, akasema hajawahi kupewa zawadi kubwa kama ile.

Mama Kiwiko, asante kwa kila gunia ulilolikataa. Nenda kaishi karibu na dada yako, na Mungu akupe afya, majirani wema na jua la kutosha kuanikia.