Nilimwandika Mama Adela Kabla ya Kumsemesha

Bwana asifiwe sana, wapendwa! Mnisamehe, leo nashuhudia nikiwa na hasira. Woga ndio unaonikasirisha, na sitaki kuupaka mafuta.

Mimi ni mzaliwa wa Kumsenga, Kibondo. Nilipomaliza chuo nikaja Kasulu kwa shangazi kusubiri ajira. Kanisani nikapangwa kikundi cha uinjilisti: Jumamosi tunashuhudia nyumba kwa nyumba, Jumapili tunakabidhi karatasi yenye majina ya waliompokea Bwana. Ndugu zangu, mimi mlango wa mtu sikuwahi kuugonga! Nilisimama njiani nikiwaza: akiniuliza nisilolijua? Akisema huyu hata kazi hana, ana habari njema gani? Nikimaliza kuwaza, jua limezama. Basi nikaandika majina ya majirani, kana kwamba wameokoka. Wa kwanza, Mama Adela, muuza maharage.

Mume wake alikuwa mgonjwa, anashinda kibarazani akiota jua. Nilipita pale kila siku. Kwetu Waha salamu ni ndefu. Unasimama, unapiga makofi taratibu, unauliza ya nyumbani na ya shambani. Mimi nilitupa "Mwakeye" huku natembea, nisije nikaulizwa jambo. Siku moja akanidaka: "We kijana, huyo Yesu wenu, hata mtu wa pombe kama mimi anamtaka?" Nikajibu, "Tutaongea, mzee." Tutaongea lini? Wiki mbili baadaye tulimzika.

Na bado nikanyamaza! Kisha wazee wa kanisa, karatasi yangu mkononi, wakanichukua twende kumtembelea "kondoo mpya". Tulimkuta uani akimenya maharage. Mzee mmoja akamwambia, "Mama, tumefurahi umempokea Bwana kupitia kijana wetu."

Mama Adela akaweka ungo chini. "Kupitia nani? Huyu? Huyu anayesalimia viatu vyake?"

Binti yake akacheka. Mama mwenyewe hakucheka. "Mume wangu alikuuliza kwa kinywa chake. Akakusubiri pale mpaka anaondoka. Leo mnakuja kunihesabu mimi?"

Wazee wote wakanigeukia. Ndugu zangu, nilipiga magoti kwenye yale maganda ya maharage. Nikasema, "Mama, nimeandika uongo. Jibu nililijua. Yesu alimtaka mume wako vilevile alivyokuwa, na mimi niliogopa kuchekwa." Sauti ilitetemeka, lakini ilitoka! Nikaeleza jinsi Yesu alivyoniokoa Kumsenga, bila kupanga neno hata moja. Aibu yote ilikuwa imeshamwagika pale uani. Woga ungenitishia nini tena? Roho Mtakatifu alinifungua palepale. Haleluya!

Mama Adela hakuokoka siku ile. Aliniambia tu, "Kesho uje. Hawa wazee wako uwaache huko. Na usalimie kama mtu." Nilienda. Naenda mpaka leo. Ananiuliza maswali magumu, mengine namjibu sijui, na sijafa!

Namshukuru Mungu aliyeniaibisha kabla sijamzika jirani mwingine. Lakini yule mzee wa kibarazani simsahau, na sitaki mniambie nimsahau. Wewe unayewaza na kuwaza, ukisema ni hekima, huo ni woga, ukemee! Mtegemee Bwana ukiwa na mdomo huo huo unaotetemeka. Kuna mtu amekuuliza. Mjibu leo, angali anasikia.