Korongo Wamevuka Mpaka

Basi la mpakani lilikuwa nusu tupu, nami nilijifanya nasoma gazeti, ingawa masikio hayana pazia. Mzee wa kiti cha mbele alikuwa akimweleza mama muuza vitambaa kwamba yeye ni mlinzi wa korongo ziwani. "Wakiruka kwenda nchi jirani, nampigia mwenzangu wa huko awapokee. Hatujawahi kuonana."

"Ndiyo unamwendea leo?"

"Msimu huu hapokei simu. Ofisini kwao wanasema kituo kimefungwa, basi."

Mama akaguna. "Baba, ndege wana mabawa, watajijua wenyewe. Rudi nyumbani kwa mkeo."

"Mke wangu ametangulia, mwanangu. Baada ya mazishi watu walitawanyika. Huyo mwenzangu ndiye aliyenipigia kila jioni, akisingizia kuulizia ndege."

Mama hakukubali kushindwa. "Sasa mtu usiyemjua sura utamtafutaje?"

"Kikohozi chake nimekizoea simuni. Akikohoa tu, nitamjua."

Basi likasimama kwenye kizuizi cha mpakani. Mzee akashuka, akasimama katikati ya umati, akatega sikio.